Mwanga wa Mtaa Wetu

Wiki chache baada ya kumzika mama, mimi na mdogo wangu Daudi tulikaa kwenye viti vya plastiki katika duka moja la mjini linalochapisha fulana, tukisubiri dada wa kompyuta atuonyeshe kazi. Zilikuwa fulana za ibada ya shukrani. Picha ya mama ilitoka vizuri, ile aliyopigwa akiwa anacheka kabla hajajiweka sawa, na chini yake yalisimama maneno makubwa ya rangi ya dhahabu: MAMA, MWANGA WETU.

"Hilo neno toa," nikasema.

"Lipi, dada?"

"Mwanga. Weka nuru."

Daudi akanigeukia. Ni yeye aliyetunga maneno yale na alikuwa ameyapenda. "Dada, nuru na mwanga si kitu kilekile?"

Nikamjibu kwa mkato kwamba si kitu kilekile, naye akaacha kubisha, maana tangu msiba tulikuwa tunavumiliana hivyo hivyo. Mlango wa duka ulikuwa wazi, na ng'ambo ya barabara kulikuwa na mama anakaanga samaki. Harufu ya mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi iliingia mpaka tulipokaa, ikanikuta sijajiandaa.

Daudi amekulia Kiseke, upande mwingine wa Mwanza. Mkuyuni haikumbuki hata kidogo, kwa sababu tulipoondoka alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Mimi naikumbuka mno.

Nyumba yetu ya Mkuyuni ilibanwa kati ya mawe mawili makubwa, haya mawe yetu ya Mwanza ambayo mtu hajengi mpaka yenyewe yampe nafasi. Ukipanda jiwe la nyuma ulikuwa unaliona ziwa, na upepo ukivuma kutoka huko ulileta harufu ya samaki, ya majani yaliyooza na ya dizeli, vyote kwa pamoja. Baba alikuwa dereva wa lori na nyumbani alikuwa kama mgeni anayependwa. Mama alishona nguo kwenye baraza. Jioni nilipenda kulala chini ya meza ya cherehani, nikisikiliza mguu wake ukikanyaga pedali na vipande vya vitambaa vikiniangukia usoni.

Jirani yetu wa karibu kuliko wote alikuwa Bibi Minza. Hakuwa ndugu yetu. Alikuwa mjane aliyetokea Misungwi, watoto wake aliwazika wote, na riziki yake ilikuwa kukaanga mapanki, yale mabaki ya sangara yanayouzwa kwa bei rahisi baada ya viwanda kukata minofu na kuipeleka nje: kichwa, uti wa mgongo, mkia, na nyama kidogo iliyosahaulika kwenye mifupa. Alikaanga kutwa nzima kwa kuni mbichi, kwa sababu kavu zilikuwa ghali, na moshi wa kuni mbichi hauna huruma na jicho la mtu. Macho yake yalikuwa mekundu tangu nilipomfahamu. Alilowesha pindo la kanga, akalikandamiza kwenye jicho moja, kisha jingine, halafu akarudi kwenye karai lake.

"Shikamoo, bibi."

"Malahaba, mjukuu wangu. Kalibu. Leo nimekuwekea kichwa."

Yeye ndiye aliyenifundisha kula kichwa cha sangara. Unaanza na shavu, ndipo penye nyama laini. Daudi alipozaliwa, Bibi Minza alikuja kila asubuhi kumkanda kwa samli, akimgeuzageuza mapajani mwake na kumsemesha Kisukuma, na mtoto alikuwa akiisikia tu sauti yake, anatulia. Kanisani mimi, mama na yeye tulikwenda pamoja. Alikaa benchi la nyuma kabisa, akisema hataki kuwanukia watu samaki. Mama alikaa mbele, kwa sababu alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa matendo ya huruma.

Mwalimu wetu wa Sande skuli alikuwa msichana mwembamba aliyetoka Tanga. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, na alitaka na chetu kinyooke. Mwaka ule alitaka tuimbe kwamba Mkristo ni nuru mahali anapoishi. Tatizo lilikuwa kwamba wengi wetu tulitoka kwenye nyumba zinazosema Kisukuma, na herufi ile ilikuwa inatuponyoka.

"Sisi ni nulu!" tukapaza sauti.

"Nuru," akasema mwalimu.

"Nulu!"

"Rrru. Nu-ru."

"Nu-lu!"

Akajifuta jasho. Nakumbuka alivyotutazama, kwa upendo kabisa, kama mtu aliyepata dawa. "Basi imbeni mwanga," akasema. "Hapo hamtakosea."

Akatupa na kazi. Kila mmoja atafute mtaani kwake mtu mmoja aliye mwanga, na Jumapili ya watoto asimame mbele ya kanisa zima, amtaje. Nilirudi nyumbani nikikimbia. Wakubwa wanajua kwamba neno lile limebeba watu wawili, yule anayeangazia wenzake na yule anayewanga usiku. Mimi nilimjua mmoja tu, na nikaanza kumtafuta.

Sikumtafuta kwa muda mrefu. Bombani, nikiwa kwenye foleni na ndoo yangu, nilimsikia Mama Eliza akiongea na mwenzake. Mama Eliza aliimba kwaya kanisani kwetu, alikuwa na sauti nzuri kuliko wote, na masika yale alikuwa amemzika mtoto wake wa mwisho.

"Yule bibi ni mwanga," alisema. "Macho yale huyaoni?"

"Nani ni mwanga?" nikauliza kwa furaha.

"We mtoto, maneno ya wakubwa yanakuhusu nini? Kinga maji."

Lakini nilikuwa nimeona kidole chake kilikoelekea, juu kwenye mawe, kwenye moshi wa Bibi Minza. Kuanzia siku ile nikawa nakusanya ushahidi. Nilisikia wakisema kwamba halali usiku, nikajua anasali. Nilisikia kwamba anaweza kuingia ndani hata mlango ukiwa umefungwa, nikashangaa sana, kwa sababu Sande skuli tulikuwa tumefundishwa kwamba aliyefanya hivyo ni Bwana Yesu peke yake, alipowatokea wanafunzi wake. Nilisikia kwamba akimshika mtoto, mtoto habaki alivyokuwa. Hilo nililiona kwa macho yangu kwa Daudi, alivyokuwa akitulia. Nilijivuna. Watoto wengine watawataja akina nani, wauza vitumbua?

Kisha Daudi akaugua. Alichemka mwili, akakataa ziwa, na siku moja mchana akakakamaa mikononi mwa mama, macho yakageuka juu. Mama alipiga yowe ambalo nikilikumbuka hata leo nasimama. Walimkimbiza hospitali, wakampa dawa, wakarudi naye akiwa mwepesi na mnyonge, akilia kwa sauti ya paka mdogo. Homa ilikuwa inaondoka, inarudi.

Majirani walikuja kumpa mama pole. Mama Eliza alikaa sana kuliko wengine. Mimi nilikuwa chini ya meza ya cherehani.

"Mama Kabula, mimi sikufundishi," alisema. "Lakini wangu naye alianza hivi hivi. Na nani alikuwa anamkanda? Mimi niliyemzika nakwambia. Mzuie huyo bibi."

"Sisi ni watu wa Mungu, Mama Eliza," mama akasema.

"Hata wangu alikuwa wa Mungu."

Kesho yake Bibi Minza alikuja kama kawaida na samli yake, mama akasimama mlangoni, akaziba njia kwa mwili wake wote. "Mtoto amelala, mama," akasema. Daudi alikuwa analia ndani, na wote watatu tulikuwa tunamsikia. Bibi Minza akasema, "Haya, mwanangu, apumzike," akageuka. Jioni alituletea mchuzi wa kichwa cha sangara kwenye bakuli lake la bluu, akaliweka kizingitini bila kubisha hodi. Mama aliliinua. Akatazama huku na huku, akaenda mpaka mtaroni, akamwaga. Alipogeuka akanikuta nimesimama nyuma yake.

"Ulikuwa na nzi," akasema.

Haukuwa na nzi. Ulikuwa umefunikwa vizuri na sahani, nami nilikuwa nautamani. Nililia kwa ajili ya mchuzi, sikuwa na kingine cha kulilia, kwa kadiri nilivyojua.

Jumapili ya watoto ikafika. Nilivaa gauni jeupe alilonishonea mama kwa mabaki ya shela ya mtu. Kanisa lilijaa. Watoto walisimama mmoja mmoja wakawataja watu wao: nesi, baba mchungaji, mama mzazi, mama mzazi tena. Zamu yangu ilipofika nilisogea mbele kabisa ili nisikike mpaka nyuma.

"Mimi naitwa Kabula. Mtaani kwetu mwanga ni Bibi Minza. Watu wote wanasema."

Mtu mmoja alicheka kidogo, akajizuia. Halafu kanisa likawa kimya, kimya kile ambacho hata mtoto anajua hakikupangwa. Mwalimu wetu wa Tanga alikuwa anatabasamu bado, akitutazama mmoja baada ya mwingine, hajaelewa. Kwenye benchi la nyuma Bibi Minza akasimama polepole, akaweka kanga yake sawa mabegani.

"Asante, mjukuu wangu," akasema. "Bwana Yesu asifiwe."

Hakuna aliyeitikia. Katika kanisa lile hata mlevi aliyeingia kwa bahati mbaya akisema Bwana Yesu asifiwe aliitikiwa amina mara tatu. Siku ile hakuna mdomo uliofunguka. Watu wameniuliza, wale wachache niliowasimulia, kama najilaumu. Sijilaumu. Nilikuwa mtoto, nilikuwa nasifu, na wenye neno lao walikuwa wamekaa pale na Biblia mapajani. Hasira yangu yote nimewawekea wao, na bado ipo.

Ndipo mama aliposimama. Alikuwa amembeba Daudi, amemfunika kitambaa, homa haijaisha. Alitoka kwenye kiti chake cha mbele, akatembea katikati ya mabenchi, na viatu vyake vilisikika sakafuni mpaka mwisho. Alipofika kwa Bibi Minza alimtoa mtoto kwenye kitambaa, akamweka mikononi mwake. Mikono ya mama ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba nilidhani atamdondosha. Kisha akatugeukia sote.

"Kama huyu ni mwanga," akasema, "na mimi ni mwanga. Mtuite wote wawili."

Mimi nilidhani mama anaomba naye atambuliwe, na niliona ni haki yake, kwa kazi zote alizokuwa anafanya. Nikapiga makofi. Nilipiga makofi peke yangu, kanisa zima linaniangalia, mpaka mwalimu akanishika mikono. Mchungaji akasema tuombe. Aliomba sana siku ile. Aliombea mvua, akawaombea viongozi wa nchi, akawaombea wasafiri. Bibi Minza hakumtaja.

Watu wakipenda kuisimulia habari ya namna hii huwa wanaimalizia hapo, wanalia, wanakumbatiana. Sisi tulirudi nyumbani. Katikati ya wiki ileile tulikuta karai la Bibi Minza limetobolewa kwa kitu chenye ncha, na mawe yalikuwa yameanza kuanguka juu ya bati lake. Waliokuwa na vitambaa kwa mama walikuja kuvichukua, mmoja mmoja, kwa adabu, wakisema wamebadili mawazo kuhusu mshono. Uenyekiti wa matendo ya huruma akapewa mwingine. Mama hakufungua mdomo kuwasema, ila alikanyaga cherehani isiyokuwa na kitambaa, hivi hivi, jioni nzima. Nilikuwa chini ya meza na hakuna kipande kilichoniangukia. Nilimwogopa.

Baba aliporudi safari alisimuliwa yote. Baba si mtu wa maneno. Alikwenda akaangalia karai, akaangalia bati, akarudi akaanza kupakia vyombo vyetu kwenye lori. Alipomaliza akavuka jiwe mpaka kwa Bibi Minza, akatoka na kitanda chake kichwani bila kuuliza mtu.

Hivyo ndivyo tulivyofika Kiseke, na ndivyo Daudi alivyopata bibi. Alipona taratibu, kwa dawa zilezile za hospitali, na akakua akimbana Bibi Minza kwa maswali, akijua ni mama yake baba. Hatukumwambia vinginevyo, hata miaka mingi baadaye tulipomzika bibi. Kule Kiseke mama alimkataza katakata bibi asikaange tena, na miezi michache bila moshi macho yake yakawa meupe. Meupe kabisa. Nilimkuta mama siku moja amemshika bibi kidevu, anayatazama macho yale kwenye jua la uani, kisha akamwachia, akaingia ndani, akajifungia. Ilikuwa ni kuni mbichi tu. Kwa kuni mbichi watu walitaka kumuua mzee wa watu.

Kabla hajafa mama aliyarudia mambo hayo mwenyewe, nikiwa namlisha uji.

"Siku ile niliyompa Bibi Minza mtoto," akasema, "nilikuwa naamini waliyoyasema."

"Mama."

"Si yote. Nusu. Nilimpa Daudi huku nikisema moyoni, nikimkosa huyu mtoto sitamsamehe Mungu."

"Sasa kwa nini ulimpa?"

Alisukuma kijiko pembeni. "Ule mchuzi," akasema. "Uliniona nikiumwaga. Halafu unasimama mbele za watu, na gauni nililokushonea, unamsifu. Ningekaa vipi kwenye kile kiti?"

Nimesikia mahubiri mengi kuhusu maisha ya upendo na nuru. Wahubiri wengi huyasema kana kwamba mtu akishawaka haogopi tena. Mimi niliyemwona mtu akiwaka namjua kwa mikono inayotetemeka, na kwa nusu nzima ya moyo wake iliyokuwa upande wa wanaorusha mawe. Hilo linanisumbua mpaka leo. Wakati mwingine nalala nikijiuliza ingekuwaje kama Daudi angekufa mikononi mle. Bibi Minza angeuawa, nadhani, na mama angekuwa amewasaidia.

"Dada?" Dada wa kompyuta alikuwa bado anasubiri. "Niweke nuru?"

Nilitazama picha ya mama, kicheko chake kile cha kushtukizwa.

"Acha lilivyo," nikasema.

"Si ulisema hulitaki?" Daudi akauliza.

"Mama mwenyewe alijiita hivyo."

Ibada tuliifanya uani Kiseke. Watu wa Mkuyuni walikuja, wengi kuliko nilivyotegemea, na Mama Eliza alikuwa miongoni mwao, akishikwa mkono na mjukuu. Sikumtambua mpaka aliponisalimu. Amekuwa mdogo, mgongo umepinda. Siku hizi anauza dagaa wa kukaanga, mjukuu wake alituambia, na macho yake ni mekundu, kingo zote, yanatoka machozi bila yeye kulia. Alisimama mbele ya meza ya fulana akayasoma yale maneno ya dhahabu, midomo ikicheza. Akayasoma tena.

"Watoto wa mtaani kwangu wananikimbia siku hizi," aliniambia kwa sauti ya chini. Kisha akauliza, "Na mimi yangu ipo?"

Zilikuwapo kwenye mfuko, nilikuwa naziona. Nilifungua mdomo nimwambie zimekwisha.

"Ipo, mama, ipo," akasema Daudi, ambaye hajui lolote. Akachagua iliyomtosha, akaikunjua, akamsaidia kuingiza mkono mmoja, kisha wa pili, akaivuta taratibu mpaka ikakaa vizuri juu ya gauni lake. Mama Eliza akaishika ile fulana pale kifuani penye neno, akaniangalia.

"Bwana Yesu asifiwe, Kabula," akasema.

Nilichelewa, lakini nikaitikia.